Gari la Zamani, Mteremko Mrefu: Kubadilisha Breki za Mbele Kutoka Drami Hadi Diski

Wakazi wengi wa Rongai, kutoka Visoi hadi Solai, bado wanategemea magari ya zamani kubeba maziwa, mbolea na mahindi. Land Rover za Series I, II na III ziliundwa zikiwa na breki za drami katika magurudumu yote manne. Peugeot 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, na tena 1966 hadi 1968, pia ilikuwa na drami mbele katika miaka yake ya mwanzo.

Magari haya hutumia barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, yenye mteremko mrefu kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Migaa hadi Salgaa. Eneo hili limezika wengi. Huko Migaa, ajali ya basi na lori ya tarehe 31 Desemba 2017 iliua watu 36. Kwa hivyo, swali la breki si la mafundi peke yao.

Kwa nini drami huchoka

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la tani mbili likishuka mita 400 huzalisha joto la kutosha kuchemsha jerikeni ya maji ya lita 20. Dereva asipotumia gia, karibu joto hilo lote huingia kwenye breki.

Drami ni kama sufuria iliyofunikwa: joto halitoki upesi. Chuma kikipata moto hupanuka na kuviacha viatu vya breki nyuma. Pedali huenda chini zaidi, na viatu vyenyewe hupoteza mshiko. Ukivuka mto, maji na tope hubaki ndani.

Diski iko wazi kwa upepo. Padi huibana kutoka pande mbili, na diski ikipanuka husogea kuelekea padi. Maji hutupwa nje inapozunguka.

Si diski peke yake

Kosa la kawaida ni kununua diski na kuacha vingine vyote vilivyokuwa. Breki ni mfumo mmoja. Kabla ya kulipa, kubaliana na fundi kuhusu mambo haya:

1. Masta silinda. Breki za diski huhitaji mafuta mengi zaidi kwa kila mkanyago. Masta silinda ya drami mara nyingi ina vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu. Vali hiyo ikibaki, padi hazitaachia diski na zitaungua. Ikiwezekana, weka masta silinda yenye njia mbili, ili njia moja ikivuja nyingine isimamishe gari.

2. Buusta. Viatu vya drami hujivuta vyenyewe gurudumu linapozunguka. Padi hazifanyi hivyo. Bila buusta, utahitaji kukanyaga kwa nguvu nyingi zaidi.

3. Uwiano wa mbele na nyuma. Drami za nyuma zikibaki, hazipaswi kufunga kabla ya diski za mbele. Zikifunga kwanza, gari hugeuka ubavu.

4. Rimu. Rimu ndogo huenda ikagusa kifaa kinachoshika padi. Pima kwanza.

5. Mipira na mafuta ya breki. Weka mipira mipya. Mafuta ya breki hunyonya maji kadiri yanavyokaa. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka, pedali huzama bila kushika.

Tahadhari kwa mafundi: viatu vya zamani huenda vina asbesto, ambayo husababisha saratani. Usipulize vumbi la drami kwa kompresa. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Baada ya kazi

Kanyaga pedali kwa dakika moja injini ikiwa inanguruma, isizame. Inua gari kwa jeki, achia pedali, na uone kama magurudumu yanazunguka bila kukwama. Jaribu polepole mahali tambarare pasipo na watu, kisha simamisha gari taratibu mara kadhaa ili padi zizoee diski. Lipeleke gari likakaguliwe katika kituo cha NTSA, na uijulishe kampuni yako ya bima.

Gia kwanza

Diski huvumilia joto zaidi ya drami, lakini nazo zina kikomo. Usishuke na nyutro ili kuokoa mafuta. Kabla ya mteremko kuanza, punguza mwendo na uingize gia ya pili au ya tatu, ili injini ilishike gari. Breki ibaki kwa dharura. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikianza kuwa laini, toka barabarani mahali salama na uache breki zipoe. Usizimwagie maji.

Kama huna pesa za kubadilisha sasa, drami zilizotunzwa vizuri, mafuta mapya ya breki na mzigo usiozidi kipimo bado vitakufikisha nyumbani.