Chuo kinapoyumba: Darsa la matawi ya Corinthian

NDUGU msomaji, kama umewahi kufanya kazi mahali ambapo tarehe 5 ya mwezi inafika na mshahara haujaonekana, basi unajua ofisi inavyobadilika. Kazi hupungua, mazungumzo huongezeka. Mwenye jamaa yake benki ndiye anageuka kuwa mwenye habari. Gari geni likiegeshwa mlangoni, watu husema huyo ni mnunuzi. Mkurugenzi akisafiri, amekimbia. Asiposafiri, anahesabu madawati ya kuuza. Mimi niliyapitia hayo nikiwa mwalimu wa uhasibu katika chuo binafsi chenye matawi matatu. Sitakitaja jina, kwani baadhi ya waliokuwa wakubwa wetu wametangulia mbele ya haki na hawawezi kujitetea. Tulibashiri kwa miezi minane, na hakuna hata mmoja wetu aliyepatia.

Nimeyakumbuka hayo kutokana na kisa cha kampuni ya Marekani iitwayo Corinthian Colleges. Kisa chenyewe kilimalizika mwaka 2015, lakini naona kinafaa kuwa darsa kwa kila anayelipwa mshahara na chuo binafsi, kwa sababu kinaonesha kuwa watumishi tukikaa kubashiri, aghalabu tunabashiri jambo ambalo silo.

Corinthian ilianzishwa California mwaka 1995, na mwaka 1999 ikaingia kwenye soko la hisa. Njia yake ya kukua ilikuwa kununua vyuo vya wengine. Chini yake yalikuwapo majina matatu yaliyojulikana: Everest, WyoTech ya mafundi magari, na Heald, chuo cha tangu mwaka 1863 ambacho ilikinunua mwaka 2010 kwa dola milioni 395. Wanafunzi wake wengi walikuwa watu wa kipato cha chini, wakisomea usaidizi wa daktari, usaidizi wa famasia, uhasibu, ufundi na mfano wa hayo. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa na matawi zaidi ya 100, wanafunzi wapatao 72,000 na watumishi wapatao 12,000. Ukubwa wote huo, na bado wiki tatu ziliitosha kuanguka.

Fedha zilitoka wapi?

Hapa ndipo pa kutulia. Serikali ya Marekani hutoa ruzuku na mikopo kwa wanafunzi, hata wale wa vyuo vya biashara. Mwanafunzi anatia saini, fedha zinakwenda chuoni, na deni linabaki shingoni kwake. (Sitaingia kwenye suala la riba ya mikopo hiyo, hilo lina watu wake wa kulieleza.) Sheria iliruhusu chuo cha namna hii kupata hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka fungu hilo. Corinthian peke yake ilikuwa ikipokea kiasi cha dola bilioni 1.4 kwa mwaka. Kwa hiyo mteja wa kweli wa chuo hakuwa yule kijana aliyekaa darasani. Alikuwa ni serikali, na serikali ndiyo iliyoshika bomba.

Mwezi Juni 2014 Wizara ya Elimu, baada ya kuomba kumbukumbu za ajira za wahitimu na kuona hazijaletwa inavyotakiwa, iliamua kuchelewesha malipo kwa siku 21. Haikuyafuta malipo, iliyachelewesha tu. Kampuni ikakiri kuwa haina fedha za kuvuka siku hizo. Mwezi Julai wakakubaliana kuwa matawi 85 yauzwe na 12 yafungwe polepole.

Tafakari hali ya mtumishi aliyekuwamo humo. Natumai nitasamehewa nikisema kuwa najua walichokuwa wakiongea, kwa kuwa nasi tulikiongea: Chuo kikubwa hivi serikali haiwezi kukiacha kife. Haya ni siasa tu, uchaguzi ukipita yatatulia. Tawi letu lina wanafunzi wengi, watakaofungiwa ni wale wa kule. Na lile tumaini kubwa kuliko yote, kwamba mnunuzi yuko njiani.

Basi mnunuzi alikuja kweli. Mwezi Novemba 2014 taasisi ya ECMC, ambayo kazi yake ilikuwa kudhamini na kudai mikopo ya wanafunzi, ilikubali kuchukua matawi 56 kwa dola milioni 24. Linganisha na zile milioni 395 za Heald peke yake miaka minne tu nyuma. Na Heald yenyewe hakuichukua, wala hakuyachukua matawi ya California, ambako kulikuwa na kesi. Hata waliochukuliwa hawakufika mbali: mwaka 2017 mnunuzi huyo alitangaza kufunga karibu matawi yote aliyobaki nayo.

Kuhusu wale waliobaki, tarehe 26 Aprili 2015, siku ya Jumapili, kampuni ilitangaza kuwa matawi 28 ya mwisho yanafungwa kuanzia Jumatatu. Wanafunzi wapatao 16,000 walikuwa katikati ya masomo. Marekani ipo sheria ya mwaka 1988 inayotaka kampuni kubwa itoe taarifa ya siku 60 kabla ya kupunguza watu kwa wingi, lakini ina milango yake ya kutokea, na aliyefungiwa mlango Jumatatu asubuhi haimpi kodi ya nyumba ya Ijumaa. Mei 4 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, na mtumishi mwenye madai akasimama kwenye foleni pamoja na wadai wengine.

Swali ambalo halikuulizwa

Sasa nirudi kwenye zile kumbukumbu za ajira, kwani hapo ndipo nyumba ilipoanza kubomoka. Mwezi Oktoba 2013 Mwanasheria Mkuu wa California wa wakati huo, Kamala Harris, ambaye alikuja kuwa Makamu wa Rais mwaka 2021, aliishitaki kampuni kwa kuwadanganya wanafunzi juu ya idadi ya wahitimu wanaopata kazi. Mwezi Aprili 2015, siku chache kabla ya kufungwa, Wizara iliitoza Heald faini ya karibu dola milioni 30 baada ya kukuta viwango 947 vya ajira vilivyopotoshwa. Katika mifano iliyotolewa kulikuwa na mhitimu wa uhasibu wa mwaka 2011, tawi la Honolulu, aliyehesabiwa kuwa ameajiriwa katika fani yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya mgahawa wa vyakula vya haraka, na aliianza mwaka 2006!

Takwimu hizo hazikujiandika. Kuna mtu alishika simu, akampigia mhitimu, akasikia jibu, akaandika jibu jingine. Mwingine akapitisha. Inawezekana hao hao walikuwa wakiulizana wakati wa chai kama chuo kitapona, na hali jibu lilikuwa kwenye jalada waliloliacha mezani.

Nasema hivi bila ya kumcheka mtu. Chuoni kwetu nilipewa orodha ya wahitimu 31 nijaze nani kapata kazi, kwa ajili ya kipeperushi cha kuvutia wanafunzi wapya. Waliopata kazi ya uhasibu walikuwa 9. Mkuu wa tawi, mzee niliyemheshimu, akaniambia, "Mwalimu, anayesaidia dukani kwa ami yake si anashika fedha? Huyo ni mhasibu." Tulicheka wote. Nikaandika 24. Mshahara wa mwezi ule ulitoka, ukachelewa siku kumi tu. Katika miezi minane ya kubashiri mnunuzi ni nani, sikuwahi hata mara moja kuuitaja ile 24.

Kwa wanafunzi wa Corinthian haki ilichelewa, lakini ilikuja. Mwaka 2016 mahakama ya California ilitoa hukumu ya zaidi ya dola bilioni 1.1 dhidi ya kampuni ambayo haikuwa tena na kitu cha kulipa. Mwezi Juni 2022 serikali ikatangaza kufuta madeni ya dola bilioni 5.8 kwa watu wapatao 560,000 waliopitia vyuo hivyo tangu mwaka 1995. Wengine walikuwa wamekaa na deni hilo zaidi ya miaka kumi, kwa cheti ambacho waajiri hawakukitambua.

Yule kijana wa dukani kwa ami yake nilikutana naye sokoni miaka mingine ikiwa imepita. Alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," kisha akaniuliza kama najua ni wapi anaweza kuthibitishiwa cheti chake, maana kuna mahali ameomba kazi na wanataka uthibitisho, naye akienda pale chuo kilipokuwa anakuta ghala la magodoro. Nilimpa namba ya aliyekuwa mkuu wa tawi, lakini ilikuwa haipatikani.