Kuangusha Mti kwa Msumeno wa Moto Bila ya Kumdhuru Mtu

Msumeno wa moto ni chombo ambacho, kikiwa mkononi mwa mwenye ilimu nacho, humaliza kwa muda mchache kazi iliyowachosha wazee wetu kutwa nzima kwa shoka, na kikiwa mkononi mwa mwenye pupa huleta msiba kabla hajapata kupiga ukelele. Nami, baada ya miaka mingi ya kuangusha minazi na miembe katika mashamba ya Unguja na nyua za Mji Mkongwe, nina yakini kwamba salama ya mkataji imo zaidi katika kile anachokiacha kwa makusudi kuliko katika kile anachokikata.

Anza kwa rukhsa. Misitu ya Zanzibar ina sheria yake, Namba 10 ya mwaka 1996, kwa hivyo nenda kwa Sheha wako, kisha Idara ya Misitu, kibali kiwe mfukoni kabla petroli haijatiwa tangini. Kandambili ziache nyumbani. Vaa buti ngumu, suruali nene, kofia ngumu, miwani na viziba masikio. Mashine nyingi za siku hizi hutaka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, nawe uijaze ikiwa imepoa, kisha uiwashe mbali na ulipoijazia.

Halafu uchunguze mti. Fundi mmoja mzee wa Bumbwini alikuwa na ada ya kuuzunguka kila mwembe huku akiugonga kwa kisigino cha shoka, ametega sikio, siku moja mlio mzito ukageuka ghafula ukawa wa kitu kitupu, naye akaniwekea mkono begani akasema, “Mwanangu, huu umeliwa ndani. Usiutie msumeno.” Mti uliooza moyo hauna ubao wa kuuongoza unapoanguka.

Mnazi nao una tabia yake, maana ugumu wake uko nje ilhali moyo wake ni laini, na mnyororo huishiwa makali upesi. Ukiona watoka vumbi badala ya vibanzi, zima mashine utumie tupa, kwani msumeno butu humlazimisha mtu kuukandamiza, na akandamizaye aghalabu huteleza. Mkwezi na apande kwanza, ateremshe nazi na makuti makavu.

Uelekeo uchague kwa kutazama mti ulikoinamia na upepo unakotoka. Kusi ikishika husukuma kilele, ndiyo maana mimi hupenda kukata asubuhi na mapema. Watu wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti: mnazi wa mita 20 hutaka mita 40. Safisha njia mbili za kukimbilia, zikienda nyuma kwa mshazari. Sasa kata kinywa upande unaotaka mti uangukie, kina chake robo ya unene. Kisha ukate kwa nyuma, vidole viwili juu ya usawa wa kinywa, ukasimame kabla mikato haijakutana. Ubao mwembamba unaobaki, kiasi cha fungu moja katika kumi la unene, huushika mti kama bawaba inavyoushika mlango, ukauteremsha pale ulipopachagua. Ukiukata huo, umejivua amri yote juu ya mti.

Hadhari kubwa zaidi ni ya ncha ya bapa linalobeba mnyororo. Pembe yake ya juu ikigusa gogo au tawi lililojificha, msumeno huruka kuelekea uso wako kwa kasi isiyozuilika kwa mkono. Kwa hivyo shika kwa mikono miwili, kidole gumba kikizunguka mpini, usikate juu ya mabega, na ufunge breki ya mnyororo kila unapopiga hatua.

Mjini, ambako mti husimama baina ya kuta za mawe na chokaa, usiuangushe mzima. Ukatwe vipande kutoka kileleni, kila kimoja kimefungwa kamba na kuteremshwa taratibu.

Na mti ukinasa juu ya mwenziwe, usipite chini yake wala usiukate ule ulioushika: uvute kwa kamba ukiwa mbali, na kama hauvutiki, zungushia alama, weka mlinzi, mkaonane nao kesho pamoja na watu wa kutosha.