Fomu ya Mtandaoni Inapokwama: Tutafute Wapi Kasoro?



Kila msimu wa maombi ya vyuo, vibanda vya intaneti vya Moshi mjini hujaa vijana walioteremka kutoka Marangu, Kibosho, Machame na kwingineko. Huyu anaomba chuo, yule anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwingine anahakiki cheti cha kuzaliwa. Sasa chukulia kijana amejaza fomu yake yote, amebonyeza "Tuma", kiduara kinazunguka tu, na mwisho wa kupokea maombi ni leo saa sita usiku. Abonyeze tena? Asubiri? Aondoke, maana gari la mwisho la kwao linajaza abiria? Ukurasa haumwambii neno.

Somo letu la kompyuta mwaka huu ni kwa wale wanaojifunza kuwa upande wa pili wa kiduara hicho, yaani watengenezaji wa tovuti. Wazazi nao wasome, kwani wao ndio hutumwa na watoto wao kwenda kuuliza kulikoni.

Kwanza tuelewe fomu husafirije. Katika njia ya zamani, ukibonyeza kitufe, kivinjari hufungasha yaliyomo, hupeleka kwa seva, kisha hungoja ukurasa mpya uje uchukue nafasi ya ule wa kwanza. Ni kama mama aliyebandika ndizi, akakumbuka hana chumvi, akazima moto na kwenda dukani mwenyewe. Njia ya pili ni kumtuma mtoto. Mama anabaki jikoni anaendelea na kazi, na mtoto akirudi chumvi inatiwa. Huu tutauita utumaji usiosubiri. Ukurasa unabaki pale pale, na fomu inakwenda na kurudi nyuma ya pazia.

Nyenzo ya kufanya hivyo iliwekwa na Microsoft katika Internet Explorer 5 mwaka 1999. Gmail ya mwaka 2004 iliwaonyesha watu faida yake, na Februari 2005 Mmarekani Jesse James Garrett akaipa jina la Ajax. Mwaka huo huo wa 2005 Django ilitolewa kwa umma. Django ni kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, na mifano yetu mingi tutaitoa humo.

Kwetu jambo hili lilikuwa na uzito zaidi. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali kwenda na jibu kurudi ni kuikata njia hiyo mara nne, yaani kilomita 144,000. Kwa kasi ya mwanga, ambayo ni kilomita 300,000 kwa sekunde, karibu nusu sekunde imekwisha kabla seva haijafanya lolote. Mkongo umefupisha safari hiyo, ila mabonde ya Kilimanjaro yako pale pale. Anayekaa bondeni anajua kwamba hatua ishirini kuingia mgombani zinatosha kuupoteza mnara.

Sasa tuje kwenye kutafuta kasoro. Mwanafunzi asianze kubadilisha msimbo kwa kubahatisha. Afungue ukurasa kwenye kompyuta, abonyeze F12, achague kichupo kilichoandikwa Network, kisha atume fomu huku akitazama.

Je, ombi limeondoka? Kama ukurasa mzima umejifungua upya, basi kivinjari kimetumia njia ya zamani, kwa sababu JavaScript yako haikukizuia kwa amri ya preventDefault, au haikupakiwa kabisa. Kama hakuna kilichotokea, tazama kichupo cha Console, aghalabu utakuta mstari mwekundu. Mara nyingi msimbo ulifanya kazi mapema mno, kabla fomu haijawekwa kwenye ukurasa, hivyo ukatafuta kitufe ambacho hakijakuwapo.

Kama limeondoka, limebeba nini? Kisanduku cha fomu kisichopewa jina kwa sifa ya name hakisafiri, hata kikijazwa vizuri namna gani. Na ukiambatanisha picha au cheti kwa kutumia FormData, usiandike mwenyewe aina ya mzigo, kiachie kivinjari. Kivinjari ndicho kinachojua alama inayotenganisha vipande vya mzigo, na ukiiandika kwa mkono alama hiyo hukosekana na seva hushindwa kuufungua.

Kisha tazama namba ya jibu. 404 ni anuani iliyokosewa. 500 ni seva yenyewe kuanguka, na hapo usipoteze muda kwenye kivinjari, kasome kumbukumbu za seva. 403 katika Django huwasumbua sana wanaoanza. Django hutoa alama ya siri kwa kila mgeni ili tovuti nyingine isije ikatuma fomu kwa jina lake. Fomu ya kawaida huibeba alama hiyo ndani yake, lakini ukikusanya data mwenyewe ni lazima uipeleke wewe, kwa mfano katika kichwa cha ombi kiitwacho X-CSRFToken. Katika Laravel kosa kama hilo huonekana kwa namba 419. Wapo wanaolimaliza kwa kuzima ulinzi huo. Hiyo si dawa, ni kuvunja kufuli kwa sababu umesahau ufunguo mezani.

Namba inayodanganya kuliko zote ni 200, ambayo maana yake ni "sawa". Mtumiaji alikaa muda mrefu akitafuta cheti chake, na muda wa kuingia ukaisha. Alipotuma, seva ilimwelekeza kwenye ukurasa wa kuingia, kivinjari kikaufuata kimyakimya na kuupata bila tatizo. Msimbo ukaona 200, ukaandika "Hongera, maombi yamepokelewa", na hakuna kilichopokelewa. Kinyume chake, amri ya fetch haihesabu 404 wala 500 kuwa kushindwa. Kwake yeye, jibu lolote lililofika ni jibu. Kwa hiyo soma yaliyomo, na usitangaze mafanikio mpaka seva ikupe namba ya stakabadhi.

Linabaki la kubonyeza mara mbili. Kukifunga kitufe baada ya kubonyezwa kunasaidia, ila hakutoshi. Huenda fomu ilifika na kuhifadhiwa, kisha jibu likapotea njiani likirudi. Mtoto alinunua chumvi akazuiwa na mvua, na mama anamtuma wa pili. Tiba ni kuipa kila fomu namba ya pekee tangu inapofunguliwa, na kuiagiza hifadhidata isikubali namba hiyo mara mbili. Ikija tena, seva irudishe stakabadhi ile ile ya kwanza. Muuza duka anayeuliza namba ya muamala wa M-Pesa kabla ya kutoa bidhaa anatumia akili hiyo hiyo.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo watengenezaji wengi huwadhulumu watu: muda wa kusubiri ukiisha, ukurasa huandika "Imeshindikana". Nani kasema? Kilichojulikana ni kwamba jibu halijafika. Andika hivyo, na uweke kitufe cha kuuliza hali ya maombi kwa namba ile.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Takwimu za MTUHA zinazoandikwa vitabuni katika zahanati huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Kila kisanduku hujihifadhi chenyewe bila kungoja fomu nzima, na hugeuka kijani seva ikishakipokea. Mtandao ukikatika, data hutunzwa ndani ya kivinjari hadi urudi.

Zoezi: Tengeneza fomu ya kuandikisha wanafunzi wa madrasa yenye visanduku vitatu. Itume, kisha ukate mtandao kabla jibu halijarudi, urudishe mtandao, utume tena. Hesabu ni wanafunzi wangapi wameandikishwa, na ueleze kwa nini.