Gari linapolala nyuma: kutengeneza resori na kunyoosha magurudumu

Kikao cha upatanisho kati ya vijiji viwili huandaliwa kwa majuma mengi. Gari linalobeba wazee wa upande mmoja likikwama njiani, wale wa upande wa pili hukaa wakingoja, na mwishoni huanza kuuliza: «Kwa nini hawakuja? Wamebadili mawazo?» Uvumi huanza hapo. Ndiyo maana katika timu zetu tunahesabu matengenezo ya gari kuwa sehemu ya kazi ya amani, na si kazi ya shofa peke yake.

Magari mengi ya mashirika huku kwetu ni ya zamani. Land Cruiser za aina ya 70, kwa mfano, zina resori za lama nyuma, yaani vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mashimo, matope na mizigo mizito huzichosha. Katika makala hii tunaeleza namna ya kutambua tatizo, kulitengeneza, na kupima magurudumu baadaye.

Dalili

- Nyuma ya gari iko chini hata bila mizigo.
- Taa za mbele zinaangaza juu na kuwapofusha wanaokuja usiku.
- Nyuma inagonga kwa nguvu kwenye kila shimo.
- Usukani ni mzito, au gari linatembea upande kama mbwa anayekimbia.
- Tairi zinaliwa upande mmoja.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Magari mengi ya aina hii yana kifaa karibu na ponti ya nyuma kinachogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Nyuma ikilala, kifaa hicho «hufikiri» kwamba gari limepakiwa, na breki za nyuma zinaweza kufunga mapema kwenye mteremko wenye utelezi.

Pima kwanza, nunua baadaye

1. Weka gari mahali tambarare, bila watu wala mizigo. Tairi za kila ponti ziwe za saizi moja na zenye upepo sawa.
2. Bonyeza nyuma ya gari mara kadhaa, kisha liache litulie.
3. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Andika namba zote katika daftari la gari.

Pande zote mbili zikiwa chini, resori zimechoka. Upande mmoja ukiwa chini, tafuta lama iliyovunjika au mpira wa resori uliokwisha. Angalia pia resori za mbele, kwa sababu udhaifu wa pembe moja ya mbele unaweza kulaza pembe ya nyuma ya upande huo huo.

Wengi hukimbilia kununua amortisa mpya. Lakini amortisa ya kawaida haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mruko. Resori ndiyo inayobeba. Kubadili amortisa hakutainua gari lililolala.

Namna ya kutengeneza

Njia iliyo bora ni kubadili resori zote mbili za nyuma pamoja, kwa sababu mpya na ya zamani hazibebi sawa. Fedha zikikosekana, fundi anaweza kuongeza lama moja kila upande. Lakini tusiongeze kupita kiasi: gari likiinuka sana nyuma, kile kifaa cha breki kitafikiri halina mzigo, na breki za nyuma zitapungua hata gari likiwa limejaa. Baada ya kubadili urefu wa nyuma, fundi akikague.

Mafundi wengine hupasha lama moto na kuikunja upya. Chuma cha resori kimepewa ugumu wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Kikipashwa ovyo, hupoteza ugumu huo na kulala tena, au kuvunjika. Na lama iliyovunjika haiungwi kwa kulehemu.

Wakati wa kazi:

- Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo. Usilale chini ya gari lililoshikwa na kiriki peke yake. Weka vishikio imara chini ya shasi.
- Shikilia ponti kwa kiriki ya pili kabla ya kufungua brida, yaani zile buloni zenye umbo la U.
- Hakikisha kichwa cha buloni ya katikati kimeingia vizuri katika tundu lake kwenye ponti.
- Weka brida mpya, na uzikaze kwa kupishana.
- Buloni za mipira ya resori zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa hewani, mipira hubaki imejikunja na hupasuka mapema.
- Kaza brida tena baada ya kilomita 500 hivi.

Kunyoosha magurudumu

Paralelisme hufanywa baada ya kutengeneza nyuma, kwa sababu urefu wa nyuma hubadili pembe za magurudumu ya mbele.

Anza na ponti ya nyuma. Usukani ukiwa umenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana sana, huenda buloni ya katikati imekatika na ponti imesogea. Hilo haliponywi kwa kugusa usukani.

Kisha pima mbele. Chora alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma wa tairi, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Watu wawili wapime umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele hadi alama zifike upande wa mbele kwa kimo kile kile, mpime tena. Tofauti inayoruhusiwa ni milimita chache tu, na imeandikwa katika kitabu cha gari. Fundi huisahihisha kwa kuzungusha bara ya usukani, kisha hupima tena.

Tusiharibu tulichotengeneza

Lita 200 za mazuti zina karibu kilo 170, bila pipa lenyewe. Watu 10 wa kilo 65 ni kilo 650, kabla ya mifuko yao. Mzigo mzito uwekwe mbele ya ponti ya nyuma, si kwenye mlango. Na shofa apewe haki ya kusema «gari limejaa», hata mkubwa akiwa ndiye anayetaka kupanda.

Maswali ya kujadili katika timu

- Ni nani kwetu anayeamua gari limejaa? Je, anasikilizwa?
- Mara ya mwisho tulipima urefu wa nyuma ya gari lini? Namba ziko wapi?
- Gari lisipofika kwenye kikao, tunawajulishaje wanaongoja?