JENZII ANA JINA LAKE
Somo la wiki kwa seli za nyumbani, Kitui na Makueni
Maandiko: Waamuzi 2:10; Kumbukumbu la Torati 6:6-7; Yohana 10:3; 1 Timotheo 4:12

Leo naanza na toba yangu mwenyewe.

Jumanne tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Wengine waliingia Bungeni, na watu wakauawa. Jumapili iliyofuata nilisimama mimbarini nikasema, "Hawa Jenzii hawana adabu, hawasikii mtu." Wazee wakaitikia amina kwa nguvu. Baada ya ibada binti mmoja wa kwaya alinifuata. "Pasta, kaka yangu yuko Nairobi. Tangu Jumanne simu yake haiingii. Nilikuja aombewe, nikasikia tukisemwa."

Tulipiga magoti pale pale. Jumatatu kaka yake alipatikana salama, Mungu ni mwema. Lakini yule binti hakurudi kanisani kwa miezi mitatu.

Wapendwa, Jenzii ni nani? Kwa kawaida ni waliozaliwa kati ya 1997 na 2012. Mimi naitwa Milenia. Nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kugawa wateja kwa umri ili tujue tumuuzie nani kitu gani. Kwa duka ni sawa. Lakini Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa jina, mmoja mmoja.

Hata sisi Wakamba tulikuwa na majina ya rika: anake, nthele, atumia. Ila kila jina lilikuja na kazi yake, na mwanake alijua siku moja ataketi na atumia. Jenzii haina ngazi ya kupanda. Aliyezaliwa 2000 atafika miaka sabini akiwa bado Jenzii.

Kweli, vijana wenyewe walilibeba jina hilo kwa fahari, wakisema hawana kabila wala chama. Wao wakijiita hivyo wanashikana mikono. Mimi nikiwaita hivyo kwa dharau, ninawafungia mlango.

Tunapenda kuwasomea Waamuzi 2:10, kile kizazi kisichomjua Bwana. Lakini rudi Kumbukumbu la Torati: ni wazazi walioagizwa kufundisha, nyumbani na njiani. Sasa kama hawakujua, nani alinyamaza? Paulo naye alimwambia Timotheo asikubali kudharauliwa kwa sababu ya ujana, tena alimwachia kazi kubwa kule Efeso.

Maswali ya seli
1. Taja majina ya vijana watano wa seli yako. Ni nani kati yao anatafuta kazi? Nani ana mzigo moyoni?
2. Ni huduma gani utamkabidhi kijana mwezi huu: hesabu za sadaka, mitambo, au shule ya Jumapili?
3. Kuna kijana uliyemuumiza kwa maneno? Mpigie simu kabla ya Jumapili.

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa kuwahukumu watoto wetu kwa mwaka waliozaliwa. Tufundishe kuwajua. Amina.