Vyombo vya Kupima Udongo: Kila Kimoja na Ufunguo Wake

Mkulima wa skimu, kama wewe na jirani zako mmeweka vile vyombo vidogo vinavyopima unyevu wa udongo na kumjulisha karani wa pampu, kwa redio bila waya, ni shamba gani lenye kiu, somo hili ni lenu.

Redio haina ukuta. Habari ya shamba lako hupita hewani, na mwenye chombo cha kusikilizia aweza kuinasa. Kwa hiyo hufumbwa kwanza kwa ufunguo. Huu si ufunguo wa chuma, ni namba ndefu. Katika vyombo vya LoRaWAN, vitumikavyo sana mashambani, ufunguo ni wa biti 128. Ukiandikwa huwa na alama 32, tarakimu 0 mpaka 9 na herufi A mpaka F. Kuubahatisha haiwezekani. Basi mwizi hasumbuki kubahatisha, huutafuta ulipowekwa.

Umewekwa ndani ya chombo chenyewe, kwenye nguzo ya ua, usiku kucha bila mlinzi. Mtu akiking'oa, akakifungua na kuunga nyaya zake, mara nyingi aweza kuusoma. Sasa angalia vizuri. Ikiwa fundi alitia ufunguo mmoja katika vyombo vyote 40 ili amalize kazi upesi, aliyeiba kimoja amevipata vyote. Aweza kutuma habari ya uongo kwamba mashamba yamelowa. Pampu haitafunguliwa, na mahindi yatanyauka huku karani akiona maji yatosha. Kila chombo kikiwa na ufunguo wake, amepata kimoja tu.

Labda utasema kutunza funguo 40 kwachosha. Ni kweli, lakini mahindi yaliyokauka huchosha zaidi. Kabla ya kulipa, mwulize mwuzaji kama funguo ni mbalimbali. Ukikuta ufunguo umebandikwa ubavuni mwa chombo, ubandue, uutie katika kitabu cha chama kifungiwacho sandukuni. Usiupige picha na kuupeleka kwa simu. Tena mwambie fundi aviunge kwa njia iitwayo OTAA: hapo ufunguo wa asili haufumbi habari za kila siku, bali huzaa funguo mpya kila mara chombo kinapojiunga.

Chombo kikipotea, usingoje mkutano wa mwezi. Mwambie karani siku ile ile aufute ufunguo wake katika kompyuta ipokeayo habari. Kikipatikana baadaye, hata kikiwa kizima, kitiwe ufunguo mpya kabla ya kurudi shambani.