Umri wa Kuanza Kumfundisha Mtoto Kuogelea

Wazazi wanaoishi karibu na ufuko, ziwa au bwawa la kuogelea huuliza mapema, wakati mwingine mtoto akiwa bado ananyonya: aanze lini kufundishwa kuogelea? Jibu fupi ni kwamba mafunzo yanaweza kuanza mtoto akishatimiza mwaka mmoja, iwapo afya na ukuaji wake vinaruhusu. Hata hivyo, mhudumu wa afya akiishia hapo atakuwa amempa mzazi nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayohusu uhai wa mtoto.

Dhana kwamba mtoto mchanga huzaliwa akijua kuogelea ina chanzo chake. Mwaka 1939 mtafiti wa Marekani, Myrtle McGraw, alieleza jinsi watoto wa miezi michache wanavyochezesha mikono na miguu kwa mpangilio wanapowekwa majini, na jinsi wanavyoziba pumzi. Hayo si maarifa ya kuogelea. Ni miitikio ya mwili ambayo mtoto haiamui wala haimiliki, na hufifia kadiri ubongo unavyokomaa. Kinachookoa maisha majini ni uwezo wa kuinua kichwa na kuvuta hewa, na mtoto mchanga hana uwezo huo: kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili, na shingo bado ni dhaifu. Anayezamishwa mara kwa mara humeza maji, na akimeza mengi chumvi ya damu hushuka, jambo linaloweza kumletea degedege. Kwa hiyo, kabla ya mwaka mmoja, kuingia majini mikononi mwa mzazi ni mchezo mzuri wa kujenga upendo na kuzoea maji. Hakuna ushahidi kwamba mchezo huo unapunguza hatari ya kufa maji.

Baada ya mwaka mmoja hali hubadilika, ingawa wataalamu walichukua muda kukubaliana. Mwaka 2000 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishikilia kwamba kwa kawaida mtoto hayuko tayari kwa mafunzo rasmi hadi atimize miaka minne. Mojawapo ya hofu ilikuwa kwamba mtoto angepoteza woga wa maji, na mzazi naye angelegeza uangalizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha watoto waliokufa maji na wenzao walio hai, ukaonyesha kwamba wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne waliopata mafunzo rasmi walikuwa na hatari ndogo zaidi. Punguzo lilikadiriwa kufikia asilimia 88. Takwimu hiyo hurudiwa sana, lakini inafaa isomwe kwa tahadhari: watoto waliochunguzwa walikuwa wachache, na ukubwa halisi wa kinga hiyo unaweza kuwa mdogo kuliko unavyoonekana. Chama hicho kililegeza msimamo mwaka 2010, na mwaka 2019 kikaeleza kwamba watoto wengi wanaweza kunufaika kuanzia mwaka mmoja.

Mzazi asiyeweza kumudu gharama mapema hana sababu ya kujilaumu. Tafiti zilizofanywa Australia miaka ya 1990 zilionyesha kwamba watoto walioanza wakiwa na miaka miwili, mitatu au minne walifikia uwezo wa kuogelea katika umri unaokaribiana, miaka mitano na nusu hivi. Aliyeanza mapema alihitaji tu vipindi vingi zaidi.

Methali husema mfa maji haachi kutapatapa. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili kwa kawaida hatapatapi wala halii. Huinama, hutumbukia, na hunyamaza. Maji ya kina cha sentimita tano yanatosha kumfunika pua na mdomo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na takribani robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo hahitaji bahari ili afe maji. Ndoo ya kufulia, beseni, pipa la kukinga mvua, karo, kisima kisicho na mfuniko na shimo lililochimbwa kwa ajili ya tofali vinatosha. Huko hakuna mwalimu wala boya, na mbinu aliyojifunza bwawani, akiwa na nguo ya kuogelea na maji matulivu, inaweza isimjie kabisa anapotumbukia ghafla na nguo zake.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2021 unahimiza kwanza malezi ya mchana yenye uangalizi kwa watoto ambao hawajaanza shule, na mafunzo ya kuogelea na usalama majini kwa wenye miaka sita na kuendelea. Kwa familia ya mvuvi wa Ukerewe, ambako mama huchota maji ziwani na mtoto akimfuata nyuma, mtu wa kumwangalia mtoto saa hizo ana thamani kuliko vipindi kumi vya bwawani. Kumwaga maji ya ndoo mara baada ya kazi, kufunika pipa na kuzungushia kisima uzio ni mambo yanayostahili kuulizwa kliniki pamoja na chanjo.

Pale ambapo mzazi ameamua kuanza, maji yenyewe yachunguzwe. Mtoto mdogo hupoteza joto upesi, hivyo maji yawe ya vuguvugu, nyuzi joto 32 hivi kwa mchanga, na atolewe mara anapotetemeka au midomo inapobadilika rangi. Mtoto mwenye selimundu ahadhari zaidi, kwa kuwa baridi inaweza kuamsha maumivu makali. Daktari wake aulizwe kwanza. Mwenye kifafa asiachiwe na mtu mzima hata kwa dakika moja. Anayehara asiingie bwawani, kwani baadhi ya vimelea vya kuhara hustahimili klorini kwa siku kadhaa. Kingo za Ziwa Victoria na mito yenye konokono zina kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ya mtoto anayeogeshwa sawasawa na ya anayeogelea. Huko si mahali pa kumfundishia mtoto mdogo.

Wakati wote wa somo mtu mzima awe umbali wa mkono, na simu ibaki mfukoni. Maboya ya kujaza upepo ni vitu vya kuchezea, hayamkingi mtoto. Mlezi asiyejua kuogelea asijitupe majini kumfuata anayezama. Anyooshe fito, atupe kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, na aite msaada.

Mtoto aliyetolewa majini akiwa hapumui anahitaji hewa kwanza. Asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo ili kutoa maji, maana hilo hupoteza muda na huweza kusukuma matapishi mapafuni. Apulizwe pumzi, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi mbili hadi aanze kupumua au msaada ufike. Hata akizinduka na kulia kwa nguvu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kuzidiwa saa chache baadaye.